Kiingereza cha kidato cha tano kimenigeuka, nihame HGL?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 18, nasoma kidato cha tano, kombi ya HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), kwenye shule ya serikali hapa Dar es Salaam. Nyumbani ni Mbagala. Mwalimu wa taaluma ametangaza kwamba anayetaka kubadili kombi apeleke barua yenye sahihi ya mzazi kabla ya mwisho wa mwezi huu, baada ya hapo hapokei tena. Zimebaki kama siku kumi. Kila nikishika kalamu niandike hiyo barua, nashindwa.

Kidato cha nne nilisoma shule ya kata. Nilipata B ya Kiswahili, B ya Historia, C ya Jiografia na C ya Kiingereza. Nilipopangiwa HGL nilifurahi mno, maana Kiingereza nakipenda tangu zamani. Ndoto yangu, ambayo sijamwambia mtu yeyote nyumbani, ni kuwa mkalimani, wale wanaokaa kwenye kibanda cha kioo na kusikiliza lugha moja huku wanatoa nyingine.

Sasa tangu tuanze Julai, Kiingereza si kile nilichokijua. Zamani tulikuwa tunajaza nafasi zilizoachwa wazi, tunabadili sentensi, tunaandika barua. Sasa mwalimu anaingia na fonimu, mofimu, sintaksia, semantiki. Ananukuu haraka, sisi tunaandika, kipindi kinaisha. Nakariri madesa mpaka usiku wa manane, lakini kwenye pepa najikuta swali linataka kitu kingine. Jaribio la kwanza nilipata 38, la pili 31. Hili la pili lilikuwa na maswali matano ya alama 20 kila moja: ufahamu nilipata 12, uundaji wa maneno 5, muundo wa sentensi 4, insha 7, na uchambuzi wa shairi 3. Kwenye insha mwalimu ameandika kwa wino mwekundu kuwa nyakati za vitenzi zimechanganyika na kwamba nimetoka nje ya swali. Kwenye shairi ameandika tu kwamba nimesimulia. Historia nimepata 62 na Jiografia 58, hayo hayanisumbui.

Darasani tuko pamoja na waliotoka ingilishi midiamu. Wanaongea kama wametoka nayo tumboni. Wiki tatu zilizopita niliambiwa nisome beti mbili kwa sauti, nikalitamka neno «live» kama «leave», darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo sinyooshi mkono hata jibu nikiwa nalo.

Mama anauza genge hapa Rangi Tatu. Anasema nisijitese, nihamie HGK, yaani niweke Kiswahili mahali pa Kiingereza, kwa kuwa Kiswahili ni chetu na nitapata A bila kuhangaika. Mjomba wangu anayekaa Tabata ndiye anayenilipia kila kitu, na yeye hataki kusikia. Anataka nisome sheria, na anasema mwanasheria bila Kiingereza hayupo. Ameniahidi shilingi elfu arobaini kwa mwezi za tuisheni nibaki HGL. Nikihama naogopa ataona nimemdharau. Nikibaki naogopa nitapata F ya taifa na kumpotezea hela zake.

Shangazi, nifanye nini?

Msomaji wako, Mbagala


Marahaba mwanangu,

Nashukuru umeniandikia zile alama swali kwa swali. Wengi hunitumia jumla tu, na jumla haisemi lolote. Kwa nilivyokuelewa, mwalimu wa taaluma anakuuliza ubaki au uhame. Wewe unajiuliza kama Kiingereza kimekushinda kweli, kama Kiswahili kitakuokoa, na utamtazamaje mjomba usoni. Nitaanza na hilo la kushindwa, maana ukilijibu vibaya, mengine yote utayajibu vibaya.

Kwanza, usilinganishe alama za sasa na za kidato cha nne bila kutazama mizani. Kidato cha nne C huanzia 45. Kidato cha sita C huanzia 60, D ni 50 hadi 59, E ni 40 hadi 49, S ni 35 hadi 39, na chini ya hapo ni F. Mwanafunzi mwenye 47 alikuwa na C mwaka jana, leo 47 hiyohiyo ni E. Sikuambii hivi ili uione 31 kuwa ni alama nzuri, maana ni F. Ila sehemu ya mporomoko unaouona ni mizani iliyobadilika, na wenzako wote, hata wale wa ingilishi midiamu, wameshuka nayo.

Sasa tazama ulipopoteza zile alama 69. Ufahamu umepoteza 8. Insha 13. Shairi 17. Maneno na sentensi umepoteza 31 kwa pamoja, yaani karibu nusu ya hasara yote. Ufahamu ndilo swali linalopima kama unaelewa Kiingereza kilichoandikwa, na huko una 12 kwa 20, sawa na asilimia 60. Mtu ambaye lugha yenyewe imemshinda hawezi kupata 12 huko. Na ile Historia yako ya 62, mwanangu, uliandika insha zake kwa lugha gani?

Ndiyo maana nakuomba usikimbilie kusema Kiingereza kimekugeuka. Lililobadilika ni kazi unayotakiwa kufanya. Hadi kidato cha nne somo lilikutaka uitumie lugha. Sasa linakutaka uipasue uone ndani, ueleze imeundwaje na kwa nini. Anayekiongea kama maji anaweza kuishindwa kazi hiyo, na asiyekiongea vizuri anaweza kuifanya. Hata hivyo ina namna yake ya kujibiwa, na kukariri madesa hakuifikii.

Chukua swali la uundaji wa maneno, ulilopata 5. Mtahini huwa hatafuti fasili peke yake. Anataka utaje njia, uieleze kwa sentensi moja, utoe mfano, halafu uuvunje huo mfano aone ulivyofanya kazi. Wanafunzi wengi huishia kwenye fasili na orodha ya mifano, na hapo ndipo alama zinapokwama. Jipime na maneno haya matatu: «teacher», «taller» na «river». Yote yanaishia na herufi zilezile mbili. Kwenye la kwanza zimegeuza kitenzi kuwa nomino, neno jipya limezaliwa. Kwenye la pili hakuna neno jipya, ni kivumishi kilekile kilichopewa umbo la kulinganisha. Kwenye la tatu si mofimu kabisa, yaani si kipande cha neno chenye maana yake, maana ukizitoa kinachobaki hakina uhusiano wowote na mto. Mwanafunzi aliyekariri kwamba «er» ni kiambishi tamati atayaweka matatu yote kapu moja na kupoteza alama.

Na jambo hili hulianzi leo. Ulisoma mofimu kwenye Kiswahili kabla ya kidato cha tano. Unajua kwamba «anacheza» na «walicheza» ni kitenzi kilekile kilichobadilishwa viambishi, na kwamba «mchezaji» ni neno lingine lililozaliwa humo. Tofauti hiyo ndiyo inayoulizwa kwenye Kiingereza, ila viungo vyake ni vichache kuliko vya kwetu. Kila mada mpya ya muundo wa lugha ikiingia, anza kwa kutafuta mfano wake wa Kiswahili, ndipo usome madesa.

Swali la sentensi nalo lina mtego wake. Ukipewa «She hit the boy with the umbrella», wengi huandika kwamba sentensi ina maana mbili, wanaishia hapo. Hiyo ni robo ya jibu. Andika maana ya kwanza kwa sentensi isiyo na utata: alitumia mwavuli kumpiga. Andika ya pili: aliyepigwa ndiye aliyekuwa na mwavuli. Kisha eleza chanzo, kwamba kile kirai cha mwisho, «with the umbrella», kinaweza kushikamana na kitenzi au na nomino «boy», na ndipo tawi la mchoro wa sentensi linapohama. Ukimaliza, andika sentensi moja inayoondoa utata. Kwa nguvu uliyonayo kwenye ufahamu, hatua hizo unaziweza. Ulichokosa ni mtu wa kukuonyesha kwamba zinatakiwa zote.

Kwenye shairi mwalimu wako amesema ukweli, ingawa kwa kifupi mno. Kusimulia ni kueleza shairi linasema nini. Swali la uchambuzi linauliza linasemaje, na kwa nini kwa njia hiyo. Soma mara ya kwanza ujue nani anasema, anamwambia nani, na kumetokea nini. Soma mara ya pili ukipiga mstari kila kinachorudiwa au kilicho kinyume na ulivyotarajia. Unapoandika, kila unapotaja sitiari, tashibiha au takriri, weka mshororo wenyewe kwenye alama za nukuu, halafu useme imefanya nini hapo: imeongeza hasira, imepunguza kasi, au imemfanya msemaji aonekane mnafiki. Orodha ya tamathali bila mishororo haina alama. Kosa hili hujirudia kwenye riwaya na tamthiliya, ambazo pamoja na ushairi ndizo zinazofanya karatasi ya pili. Kwa kila kitabu tengeneza ukurasa mmoja wa dhamira, na mbele ya kila dhamira weka tukio, wahusika na namba ya ukurasa. Kwenye mtihani hutakuwa na kitabu, na asiyekumbuka tukio husimulia kitabu kizima akidhani anajibu.

Insha ndiyo nitakayokaa nayo zaidi, kwa kuwa makosa yake yanakufuata hadi kwenye Historia na Jiografia. Sijaiona karatasi yako, lakini makosa ya mwandishi anayefikiri kwa Kiswahili ni yaleyale miaka nenda miaka rudi, na kila moja lina sababu. Tunasema «ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja», kwa hiyo tunaandika «although» na kuongeza «but». Kiingereza kinataka kimoja tu. Tunasema «kujadili kuhusu», tunaandika «discuss about», na hilo «about» halitakiwi. Kiambishi chetu «a» hakijali mwanamke au mwanamume, ndiyo maana mhusika wa kike anaanza aya akiwa «she» na kuimaliza akiwa «he». Kiswahili hakina «a» wala «the», hivyo tunazisahau au kuzitupia popote. Na sisi tukishaanza kusimulia yaliyopita, «akaenda, akakuta, akasema», ile «ka» hubeba wakati hadi mwisho. Kiingereza hakina kitu cha namna hiyo. Kila kitenzi hudai wakati wake upya, na ukiacha kuuandika unarudi wakati uliopo bila kujua. Nadhani wino mwekundu wa mwalimu wako unatokana na hili la mwisho.

Dawa yake ni kusahihisha kosa moja kwa mara moja. Ukimaliza insha, ipitie mara ya kwanza ukitazama vitenzi tu, kidole juu ya kila kimoja. Mara ya pili tazama viwakilishi, pamoja na ile «s» ya nafsi ya tatu umoja. Mara ya tatu tazama viunganishi na «a» na «the». Ukijaribu kuona yote kwa pamoja hutaona lolote, macho yatakuwa yanasoma ulichokusudia badala ya ulichoandika. Andika insha moja kwa wiki, maneno 350 hadi 400, isahihishwe, kisha uiandike upya yote tangu mwanzo. Huko kuiandika upya wanafunzi wanakuruka, na ndiko mkono unakojifunza. Insha mpya kila wiki bila kuirudia ya zamani ni kurudia makosa kwa bidii.

Kuhusu kutoka nje ya swali, tumia dakika 5 kabla ya kuandika: pigia mstari neno linaloamuru, kama ni eleza, linganisha au jadili, kisha andika hoja zako kwa maneno mawili matatu pembeni. Kila karatasi ya taifa ni saa tatu. Ukitoa dakika 10 za kusoma maswali na 15 za kupitia, zinabaki 155 za kuandika alama 100, yaani dakika moja na nusu kwa alama. Swali la alama 20 lisizidi dakika 30. Asiyejipimia hivyo huandika kurasa sita kwenye swali analolipenda na nusu ukurasa kwenye la mwisho.

Nenda pia kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, NECTA. Kuna fomati ya mtihani wa kila somo, na kuna taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zinazoonyesha majibu mazuri na mabaya yaliyoandikwa na wanafunzi kama wewe, na kwa nini yalipewa alama hizo. Kupakua ni bure. Nashangaa wanafunzi wananunua pamfleti mitaani huku hizo zimelala hapo.

Sasa kicheko. Kiliuma, na sitakuambia usiumie. Lakini lile neno lenyewe lina somo lako ndani yake. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza sanifu cha Uingereza huhesabiwa sauti za irabu zipatazo 20. Masikio yaliyolelewa na tano hayasikii tofauti ya «live» na «leave» mpaka yafundishwe, na hiyo ndiyo maana ya kusema kwamba kwenye Kiingereza sauti hizo mbili ni fonimu tofauti, yaani ukibadili moja kwa nyingine neno linabadilika maana. Wapo waliocheka ambao wakiulizwa wathibitishe hilo kwenye karatasi hawatajua waanzie wapi. Jirekodi kwenye simu, dakika 10 kwa siku, ukisoma jozi kama «ship» na «sheep», «full» na «fool», halafu tahariri moja ya Daily News au The Citizen. Lafudhi yako haina alama kwenye zile karatasi mbili za taifa. Kwenye ukalimani matamshi yatakuwa na uzito, na una miaka ya kuyafanyia kazi.

Tuje kwa mama. Anakupenda na anakuonea huruma, ila lile la A bila kuhangaika ningelichunguza. Kiswahili cha kidato cha tano na sita kina karatasi mbili vilevile. Ya kwanza ina fonolojia, mofolojia, sintaksia, maendeleo ya Kiswahili, tafsiri na ukalimani. Ya pili ni fasihi, pamoja na uhakiki wa ushairi. Ukitazama vizuri, maswali yaliyokupa 5, 4 na 3 yanakusubiri huko pia. Utayakuta kwa lugha unayoielewa bila kutafsiri kichwani, na huo ni msaada wa kweli, sitaupunguza. Lakini kama tatizo ni namna ya kujibu, utahama nalo. Utaanza pia ukiwa nyuma kwa mada zote walizosoma wenzako tangu Julai, na utatakiwa kunakili na kuelewa ukiwa peke yako. Na ukiwa HGK bado utaandika Historia na Jiografia kwa Kiingereza, hivyo makosa ya insha utayakuta palepale.

Kubaki nako kuna hatari. Somo linalokupa 31 hula muda, na muda huo utatoka kwenye Historia na Jiografia. Nimeona wanafunzi wakipandisha somo moja kwa alama kumi huku wakiangusha mengine mawili. Ukibaki, weka kikomo, tuseme dakika 90 kwa siku za Kiingereza na siku moja ya wiki bila hicho kabisa. Hatari nyingine ni huku kunyamaza kwako darasani. Usiponyoosha mkono, mwalimu hajui ulipokwama, na muhula wa pili unajengwa juu ya huu.

Kuna njia hukuitaja. Kama shule yako ina HKL, ungebaki na Kiingereza na Historia, ukaingiza Kiswahili mahali pa Jiografia. Nimeifikiria kwa sababu ya ile ndoto uliyoificha. Mkalimani anaishi kwa lugha mbili, na Kiswahili leo kina meza yake: Umoja wa Afrika ulikipokea kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Isimu ya masomo hayo mawili inasaidiana, mada moja unaisoma mara mbili kwa mifano tofauti. Lakini ungeiacha Jiografia yenye 58, ambayo haikusumbui, na ungebaki na hicho Kiingereza kinachokuogopesha. Wengine kwao hiyo ni neema, wengine ni kuongeza mzigo. Wewe unajijua.

Hesabu za ufaulu zitakusaidia kupunguza hofu. Kwenye madaraja A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6, F 7. Leo una C, D na F, jumla 14, hilo ni daraja la tatu. Kiingereza kikifika 40 tu, kinakuwa E, jumla inashuka hadi 12, daraja la pili. Ukihamia HGK ukapata C ya Kiswahili, ni 10, daraja la pili pia. Kwa udahili wa chuo kikuu, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) huhesabu kinyume, A ni 5 hadi E ni 1, na kiwango cha chini kwa jumla ni ufaulu wa masomo mawili wenye pointi 4. Historia na Jiografia zako za sasa zinakupa 5. Kwa hiyo ile picha ya F moja kufunga milango yote si sahihi. Kila programu ina masharti yake juu ya hapo, na kuna zinazodai Kiingereza kwa jina. Fungua mwongozo wa udahili wa TCU, tafuta sheria, ukalimani na ualimu kwenye vyuo vitatu, unakili masharti yenyewe. Mjomba anasema bila Kiingereza hakuna sheria. Huenda anachanganya kukijua Kiingereza, ambako mwanasheria hakukwepi, na kuwa na somo la Kiingereza kwenye cheti cha kidato cha sita. Mwongozo utawaamulia, na mtakuwa mnazungumzia karatasi moja.

Zile elfu arobaini usizikubali wala kuzikataa kabla hujauliza swali moja kwenye kituo cha tuisheni: mwalimu atasahihisha insha zangu ngapi kwa mwezi, kwa mkono wake? Kama ni darasa la watu sitini wanaonakili ubaoni, utakuwa unalipia madesa mengine. Kama ni kikundi cha watu sita na insha nne zinarudi na maelezo, hiyo hela ina kazi. Na Jumamosi moja moja Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi Mohamed ina meza tulivu na kamusi za Kiingereza kwa Kiingereza, ambazo zitakufaa kuliko za tafsiri kwa sasa.

Una siku kumi, na barua ya kuhama haihitaji kuandikwa leo. Chukua yale maswali mawili yaliyokupa 5 na 4. Yasome kwa siku nne kwa njia niliyoieleza, kuanzia mifano ya Kiswahili. Siku ya tano funga madaftari, yajibu upya kwa saa moja, umpelekee mwalimu wako ofisini, siyo darasani, umwombe ayasahihishe kama ya mtihani. Ukiona 9 imekuwa 20 au zaidi kwa 40, utajua ulikosa njia. Ikibaki 10 au 11 ukiwa umejitahidi kweli, nayo ni taarifa, na hakuna aibu ndani yake. Siku ya sita muulize mwalimu wa Kiswahili wamefika wapi, uazime daftari la mwanafunzi mmoja wa HGK, usome mada moja nzima. Angalia kama inakuvuta au unaikubali kwa kuwa tu si Kiingereza.

Halafu kaa na mama na mjomba kwa pamoja, ikiwezekana Jumapili, siyo mmoja mmoja kwa simu. Weka mezani karatasi mbili: alama za maswali matano, za zamani na mpya, na masharti ya vyuo uliyonakili. Waambie pia kuhusu ukalimani. Mjomba anakulipia sheria kwa kuwa hajawahi kusikia jambo lingine kutoka kwako, na mama anakuhurumia kwa kuwa hajui kuwa unakipenda. Kama utahama, mjomba asikie kwako kabla ya sahihi ya mama kuwekwa, umshukuru na umweleze hela yake ingeenda wapi sasa. Kama utabaki, mama ajue umeweka kikomo gani na utamwonyesha nini baada ya majaribio mawili yajayo.

Niandikie yale maswali mawili yakisharudi, unieleze alama zilipotea kwenye hatua gani. Nitayasoma moja moja.

Wako,
Shangazi